Udongo wa Bwawa la Tatu

Siku Milembe alipogundua kwamba protini yake inaliwa, alikuwa na kikombe cha chai mkononi na alikuwa anacheka. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, uani kwa kaka yake, na aliyemchekesha ni wifi yake Limi. Mimba ya miezi saba, miguu imenyooshwa juu ya mkeka kama mtu aliyemaliza kazi zote za dunia, na mkono hautoki ndani ya mfuko wa karatasi. Kila baada ya maneno mawili alichomoa kijiti cha udongo, akakimega kwa meno ya pembeni, akafumba macho.

"Utamaliza mlima wewe," Milembe alimwambia.

"Mwache mama kijacho ale. Wewe ulipokuwa na mimba ya Sayi hukula? Kaka yako amenisimulia yote. Anasema ulikuwa unaficha chini ya mto."

Ni kweli alikuwa anaficha chini ya mto. Msomi mzima, shahada mbili ukutani, analala juu ya mfuko wa udongo ili mumewe asijue. Milembe alicheka tena akanyoosha mkono aonje kidogo, kwa kukumbuka zamani, na Limi akamwekea kijiti kwenye kiganja. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Udongo wa kula aliokulia Milembe ulikuwa wa rangi ya majivu. Huu ulikuwa wa waridi, waridi hafifu ya ufizi wa mtoto mchanga. Aliijua rangi hiyo vizuri kuliko sura yake kwenye kioo, maana ni yeye aliyeichagua, miaka minne iliyopita, kati ya rangi kumi na moja.

"Huu umeutoa wapi?"

"Kwa Mama Kashinje, sokoni. Siku hizi ndio huo, ule wa kijivu haupatikani, wala hakuna anayeutaka tena. Hebu nusa."

Milembe alinusa. Ulinukia mvua ya kwanza inapogusa vumbi. Watu wa Nyamahuru walikuwa wanaiona mvua mara tatu kwa mwaka, tena kwa bahati, na harufu ile peke yake ingetosha kumfanya mtu arudi sokoni kesho yake.

"Na vidole vyako vipi?" aliuliza. Tangu afike alikuwa ameona kwamba Limi anashika kikombe kwa mikono miwili.

"Vinakufa ganzi kidogo. Na hapa pembeni ya mdomo. Nilimuuliza nesi, akasema ni mimba tu."

Nesi aliyekuwa anasemwa hakuwa mtu. Zahanati ya Nyamahuru ilikuwa na sanduku jeupe lenye sauti ya kike yenye adabu, ambalo lilipima mkojo, likasikiliza moyo wa mtoto, likauliza maswali thelathini na mawili. Swali la udongo halikuwamo. Milembe aliweka kikombe chini taratibu, akatafuta uongo wa karibu.

"Limi, nipe huo mfuko. Kuna maneno ya minyoo, nataka nikaupime kazini. Na usinunue mwingine mpaka nikuambie. Umenisikia?"

"Minyoo tu? Si nitameza dawa."

"Limi."

Limi alimtazama, akaona uso ambao si wa utani, akatoa mfuko huku akinung'unika. Milembe aliondoka bila kumaliza chai. Njiani alisimama mara mbili, na mara zote mbili alijiambia kwamba huenda ni rangi imefanana tu.

Haikuwa rangi imefanana.

Nyamahuru ulikuwa mji uliokaa juu ya marudio. Mababu walisaga mawe, wakayaosha kwa zebaki, wakachukua dhahabu na kumwaga tope. Wajukuu wakalirudia tope lile lile na kuliosha upya. Vitukuu nao wakaleta mashine na kulirudia tena. Zebaki iliyobaki iliteremka mtoni. Bakteria wanaoishi kwenye matope wakaigeuza kuwa ya aina nyingine, ile inayopenya kila mahali, kwenye samaki, kwenye maziwa, kwenye mtoto aliye tumboni. Watoto wa Nyamahuru walikuwa wanajulikana hata wakienda shule za mbali. Mikono ilitetemeka, na neno lilichelewa kutoka mdomoni. Milembe alikuwa na dada wa namna hiyo. Ndiyo maana alisomea alichosomea.

Kazi yake ilikuwa kusanifu protini. Protini ni uzi mrefu wa shanga ndogo ndogo, na uzi huo ukiwekwa kwenye maji hujikunja wenyewe ukapata umbo. Ukipanga shanga vingine, umbo linakuwa jingine. Milembe alikaa miaka mitatu mbele ya meza ya kukunjia, ile kompyuta inayoonyesha kila uzi utakavyojikunja, anapanga na kupangua, mpaka akapata umbo lenye kiti katikati, na kiti hicho kina mikono minne ya salfa. Juu ya kiti aliweka chembe ya zinki. Zinki ni mgeni mpole, anakaa na anaondoka bila ugomvi. Zebaki ikipita jirani, mikono inamwachia zinki na kumkumbatia zebaki, na umbo zima linabadilika rangi, kutoka buluu iliyofifia kwenda waridi. Hilo lilikuwa wazo lake pia. Alitaka mfanyakazi wa bwawa, hata asiye na chombo chochote, aone kwa macho kwamba udongo umeshiba na wakati wa kuutoa umefika.

Protini hiyo ilifugwa ndani ya bakteria wa ardhini, wale wale wanaoipa ardhi harufu baada ya mvua. Ikabandikwa kwenye chembe za udongo laini, na udongo ukamwagwa kwenye mabwawa matatu ambayo maji ya mji mzima hupitia. Tangu Bwawa la Tatu lifunguliwe, hakuna mtoto aliyezaliwa Nyamahuru akiwa na mkono unaotetemeka. Watu walimwita Milembe kwa jina, walimwachia nafasi kwenye foleni, na yeye, tuseme ukweli, alizoea.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Udongo ulioshiba haukupaswa kutupwa, kwani ungekuwa mlima wa sumu. Ulipaswa kuoshwa na kutumika tena. Kwa hiyo Milembe aliitia protini bawaba. Kwenye maji ya kawaida bawaba imefunga. Kwenye tindikali inafunguka, kiti kinaachia zebaki yote kwa mkupuo, zebaki inakusanywa kwenye pipa, na udongo unarudi bwawani mtupu. Ile bawaba ndiyo iliyompa sifa katika mikutano. Wenzake walikuwa wanaishika zebaki wasijue kuiachia. Yeye aliweza yote mawili.

Jumanne asubuhi alifunga mlango wa maabara. Akaponda nusu ya kijiti cha Limi ndani ya glasi, akaongeza tindikali kidogo kidogo mpaka ikawa kali sawasawa na tumbo la mtu aliyekula saa moja iliyopita. Waridi ilitoka kama doa la nguo linavyotoka. Udongo ukabaki buluu iliyofifia chini ya glasi. Kipima metali hakikuwa na haja ya kusema kitu, lakini kilisema, na namba yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokuwa anaogopa.

Aliketi. Bawaba yake ilikuwa inafunguka ndani ya Limi, mara sita, mara saba kwa siku.

Hapo akakumbuka fomu, na kukumbuka huko kukawa kubaya kuliko namba. Kabla ya kupewa kibali walijaza fomu ndefu ya usalama. Walipima samaki, ng'ombe, kuku, hata mbwa wanaolamba kingo za mabwawa. Kwenye ukurasa wa tisa palikuwa na swali la wazi kabisa: je, kuna hali yoyote ambamo binadamu anaweza kula nyenzo hii? Walikuwa watu wanane kwenye chumba, wasomi wa nchi nne, na mmoja wao alisoma swali kwa sauti na kucheka, akasema nani atakula udongo. Wote walimgeukia Milembe kwa sababu ndiye mwenyeji. Sayi alikuwa na miaka sita wakati huo. Milembe aliona aibu. Hakutaka kusimama mbele ya wale watu aeleze kwamba kwao wanawake wenye mimba hula udongo, kwamba hata yeye alikula, kwamba mwili wake ulikuwa na haja asiyoijua jina. Akasema, "Hakuna." Wakaandika hapana.

Siku ile chumbani hakuwa amesahau. Angesahau ingekuwa nafuu.

Jumatano alikwenda kwa Mama Kashinje. Angeweza kwenda siku ile ile ya Jumanne, lakini alijidanganya kwamba anataka kurudia kipimo, akakirudia mara nne.

Mama Kashinje aliishi nyuma ya soko, mama wa makamo mwenye mabega mapana na sauti ya chini, mikono imefubaa kwa vumbi la waridi hadi viwikoni. Uani kwake palikuwa na chekecheke tatu, beseni la kukandia na tanuri dogo la moshi. Vijiti vibichi vilikuwa vimelazwa juani kwa mistari, vimenyooka vizuri, mamia.

"Shikamoo, mayu," Milembe alimwamkia, kama wanavyoitwa kina mama kwao.

"Marahaba, Dakta. Karibu kigoda. Leo umekuja mwenyewe, wifi yako kachoka?"

"Anapumzika," Milembe alisema. "Nimependa kazi yako. Udongo huu unautoa wapi?"

Mama Kashinje hakuficha, na hakuona sababu ya kuficha. Udongo wa kula Nyamahuru ulikuwa unachimbwa kwenye mlima mmoja tu, mlima wa ukoo wao. Mama yake alichimba pale, na bibi yake. Mradi ulipokuja uliuchukua mlima kwa sababu udongo wake ulikuwa laini kuliko wote. Ukazungushiwa uzio. Mwaka wa jana mashine ya kuoshea udongo ikaharibika, kipuri hakijaja mpaka leo, na malori yakaanza kumwaga udongo uliotolewa bwawani nyuma ya uzio, upande wa makaburi.

"Miezi mitatu iliyopita nikaenda kuangalia. Ni udongo wangu ule ule, ila umeoshwa vizuri na unanukia. Nikasema basi, wamechukua mlima, wameturudishia kidogo. Sikuiba, Dakta. Ulikuwa umetupwa."

"Hukuiba," Milembe alisema.

"Nauchekecha mara tatu, naukausha, nauchoma kwa moshi wa mti mtamu. Hakuna mdudu anayebaki humo." Alichagua kijiti kilichonyooka kuliko vyote akampa kwa mikono miwili. "Onja mwenyewe."

Kukataa chakula uani kwa mtu, tena alichokitengeneza kwa mkono wake, ni kumwambia kitu. Milembe angeweza kumwambia. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, fupi tu. Badala yake alikitia kijiti mdomoni, akakimega na kukimeza, na kwa aibu yake kikawa kitamu.

Akiwa bado anatafuta namna ya kuanza, mwanamke kijana aliingia uani. Alikuwa mwembamba, mimba ndiyo kwanza inaonekana, na kitenge kipya amekifunga juu kama wafungavyo wale ambao ni mara yao ya kwanza. Aliitwa Nyanzobe, mke wa dereva wa lori. Alisema kwa haya kwamba wenzake wamemwambia ajaribu, kichefuchefu kimemzidi, chakula hakikai tumboni. Mama Kashinje akamfungia vijiti kumi. "Anza na kimoja asubuhi," alimwelekeza. Nyanzobe alianza pale pale. Akatabasamu, mdomo umejaa, akamsalimia Milembe kwa kupiga goti kidogo.

Milembe aliitikia salamu. Alimtazama binti yule akitoka na mfuko wake, na hakusema kitu. Alijiambia kwamba akisema sasa hivi, peke yake, bila mpango, ndani ya saa moja mji mzima utakuwa barabarani, uzio utang'olewa, na Mama Kashinje atapigwa mawe. Yote yalikuwa yanawezekana. Lakini si hayo yaliyomfunga mdomo. Alikuwa anaogopa, basi, na woga ule ulikuwa wake mwenyewe.

"Wanakula wangapi?" aliuliza baadaye. "Wenye mimba."

Mama Kashinje alihesabu kwa vidole, akitaja majina, mitaa na miezi. Aliwajua wengine kabla waume zao hawajajua. Pamoja na Nyanzobe na Limi, walikuwa arobaini na watatu.

Mkurugenzi wa mabwawa, Mhandisi Rweyongeza, alisikiliza bila kumkatiza. Ilikuwa Alhamisi, ofisi yenye dirisha linalotazama Bwawa la Tatu, maji yametulia na yanang'aa. Alipomaliza kusikiliza alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Wifi yako?"

"Anajua habari ya minyoo."

Rweyongeza alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Milembe alikuwa amemwona akilia siku ya kwanza majibu ya watoto yalipotoka safi. "Nikuulize, Milembe. Tukiwaambia leo, kesho watafanya nini?"

"Watavunja mabwawa."

"Watavunja. Watarudi mtoni. Watoto elfu nne watakunywa kile ambacho hao arobaini na watatu wamekula. Na hao arobaini na watatu wenyewe hatutakuwa tumewasaidia. Dawa ya hospitali ya kutoa zebaki huwezi kumpa mwenye mimba, inaikoroga zebaki na kuisukuma kwa mtoto. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo." Akageukia dirisha. "Kile Kibano chako kimefikia wapi?"

Milembe alikuwa anajua atauliza. Kibano kilikuwa protini yake ya pili, aliyoisanifu kwa ajili ya mifugo. Hakina bawaba. Kinapita tumboni salama, kinaingia kwenye damu, kinashika zebaki popote ilipo, hata upande wa mtoto, kisha kinatoka na mkojo. Shida yake ni mikono. Mikono inayoshika kwa nguvu namna ile haichagui vizuri, na zebaki ikipungua huanza kushika zinki, na mtoto bila zinki hakui. Walikijaribu kwa mbuzi arobaini wenye mimba, wote wakiwa wamelishwa zebaki. Thelathini na saba walizaa vizuri. Watatu walizaa vitoto ambavyo havikusimama hata siku moja.

"Hakijawahi kupewa mtu," alisema.

"Wasipopewa kitu?"

"Nusu ya watoto wao watazaliwa wanatetemeka. Labda zaidi ya nusu." Akilini alimwona dada yake akijaribu kufunga kifungo.

"Nusu, au watatu." Rweyongeza alivaa miwani. "Changanya Kibano kwenye udongo. Tumpelekee yule mama, tumwambie ni udongo mpya wa mradi, safi zaidi, tunampa bure kwa sababu tulichukua mlima. Wataula wenyewe, kwa hamu, bila kuitwa zahanati, bila kilio. Ndani ya wiki mbili wote watakuwa wamepata. Lile rundo la makaburini tutalizika. Hakuna atakayejua alikuwa anaumwa."

"Na wale watatu?"

"Watazika, watasema ni mapenzi ya Mungu. Kama watu wote."

Milembe alitaka kukasirika, hasira haikuja. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba alianza kuupigia hesabu akiwa bado amekaa pale, kiwango cha Kibano kwa kila kijiti, joto la tanuri lisilokiharibu, na kitu gani atie ili unukie mvua. Alirudi maabara. Usiku kucha na Ijumaa yote mashine ilitengeneza Kibano, yeye akakanda. Alichoma vijiti mia mbili. Vilitoka rangi ya majivu, kama vya zamani, vizuri kabisa.

Ilikuwa Ijumaa jioni, akivipanga kwenye sinia, alipojishtukia kwamba ameshavihesabu vijiti vya Limi na kuviweka pembeni ili amwambie kwanza. Wifi yake angeambiwa. Nyanzobe angekula tu. Aliitazama ile sinia kwa muda, akajiona kama alivyo, na hakupenda alichokiona. Alimpigia simu Mama Kashinje akamwomba awaite wote kesho asubuhi, uani kwake, kila mmoja aje mwenyewe.

Jumamosi uani palijaa. Walikaa kwenye mikeka, kwenye vigoda, kwenye matofali, wengine wamekuja na watoto wakubwa mgongoni. Limi alikaa mbele kabisa, anajivunia wifi. Milembe alisimama kati ya tanuri na sinia yake, na kwa mara ya kwanza tangu awe Dakta hakuwa na karatasi.

Aliwaambia yote. Aliwaeleza kiti na zebaki na bawaba, kwa maneno ya nyumbani. Aliwaambia rangi ya waridi ilikuwa alama ya kusema udongo umejaa sumu. Alitaja fomu, na aibu yake, na kwamba yeye mwenyewe alikula udongo wa mlima ule kwa miezi sita. Alisema amejua tangu Jumatatu. Alimtafuta Nyanzobe kwa macho akamwambia, "Wewe Jumatano nilikuona ukianza. Nilikuwa nimekaa hapa na nikanyamaza. Naomba unisamehe, na usiponisamehe ni haki yako."

Hakuna aliyepiga kelele. Alikuwa amejiandaa kwa mawe, na badala yake wanawake walikuwa wanajishika matumbo, polepole. Mama Kashinje alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Alitazama mikono yake ya waridi, mbele na nyuma.

"Huyu mama yake Mbula hapa," alisema kwa sauti ya chini, "nilimwongezea vijiti viwili. Nikamwambia ni zawadi."

"Hukujua, mayu," mtu alisema.

"Sikujua." Alinyanyua uso. "Dakta, dawa ipo?"

Milembe akawaambia habari ya Kibano. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Mbuzi arobaini, na jinsi vitoto vya wale watatu vilivyozaliwa. Asiyetaka asile, atapimwa kila siku na yeye atakaa naye mpaka ajifungue. Anayetaka, ale kimoja leo mbele yake.

"Watatu kati ya arobaini," alisema mwanamke mmoja wa nyuma. "Na sisi tupo arobaini na watatu."

Wakatazamana. Milembe aliwaona wakipimana kwa macho, tumbo kwa tumbo, kama watu wanaotafuta hao watatu ni kina nani, na alijuta kuwapa namba. Lakini yule wa nyuma alisema tena, sasa kwa sauti iliyotulia, kwamba nusu ni wengi kuliko watatu, na kwamba mtu aliyekuja kujisema mwenyewe hivi, mbele ya watu, hana sababu ya kudanganya kuhusu dawa. Mwingine akaitikia. Mama mtu mzima, mimba yake ya tano, akasema yeye mtoto wake wa kwanza anatetemeka, na hataki wa pili wa namna hiyo. Maneno yakaenda mkeka hadi mkeka. Milembe alihisi machozi. Hakuwa ametegemea kuaminiwa, na imani ile ilimlemea kuliko matusi.

Sinia ikapitishwa. Kila mmoja alichukua kijiti. Wengine walikinusa, wengine walikishika kama kitu cha moto. Mtu akaanza kuomba dua, na wengi wakafumba macho.

Limi hakufumba. Alimtazama wifi yake akatabasamu kidogo, tabasamu la kumtia moyo, akakiinua kijiti mdomoni.

Mkono wa Milembe ulikwenda wenyewe. Hakuutuma. Alijikuta amepiga hatua mbili na amekamata kifundo cha mkono wa Limi, kwa nguvu, kijiti kikiwa kimegusa meno.

"Wewe subiri kwanza," alisema.

Hakusema kwa sauti, lakini dua ilikuwa imekwisha na ua ulikuwa kimya. Limi alibaki mdomo wazi. Milembe aliuachia ule mkono. Alitaka kueleza kwamba Limi ana miezi saba, kwamba kipimo chake bado, kwamba kila mtu na hali yake, na kila alichotaka kusema kilikuwa na ukweli ndani yake. Hakuna hata kimoja kilichotoka.

Yule mama wa mimba ya tano alikuwa wa kwanza. Alisimama, akaja hadi mbele, akakirudisha kijiti kwenye sinia bila kumtazama Milembe usoni. Akafuata wa nyuma yake. Wakaja mmoja mmoja, hawasukumani, hawasemi, na udongo uligonga bati kwa sauti ndogo, kila mara. Limi akawa wa mwisho kukirudisha chake.

Nyanzobe hakusimama. Alikuwa amekaa juu ya mkeka wake, mikono mitupu juu ya kitenge kipya, anawatazama wenzake kwa zamu kama mtu anayetaka kuambiwa wanafanya nini. Alikuwa amekwisha kumeza.